Kanda ya Kibet

Jumapili, Agosti 1988

Na bado haichezi! Mwanangu Kibet ana miaka mitatu Amerika, anakimbia mbio kwa niaba ya chuo cha huko. Ametuma kanda ya video nimwone, na ninachoona ni mistari tu. Picha inaruka, inakatika, inapanda juu kama imefukuzwa.

Nimesafisha mashine kwa spiriti na pamba. Nimeipiga kofi. Mama Wanjiru wa dukani, aliyeniazima mashine hiyo, akasema, "Mwalimu, utaniharibia." Nikamjibu vibaya. Kesho nitamwomba msamaha.

Fundi alikuja baada ya kanisa, akacheka. "Mama, mashine ni nzima. Kanda za Amerika hazisikizani na mashine za huku. Hata sauti itatoka nzito, ikijivuta. Nikutumie hii kanda Nairobi igeuzwe, iweze kucheza huku?"

Si angeniambia kabla sijaalika ukoo mzima!

Wageni walipoenda nikaiweka tena, nikafumba macho nisione ile mistari. "Habari ya huko nyumbani," ikasema, nzito, polepole.

Hiyo si sauti ya Kibet. Ni ya marehemu babake, vile alikuwa akiongea akitoka shambani amechoka.

Nimeirudisha mwanzo mara sita. Nairobi itaenda, lakini si wiki hii.