Marehemu Mpya Kabisa

Jumatano. Mvua tangu alfajiri, matope yamefika mlangoni mwa duka, na mimi nina kichefuchefu ambacho si cha mimba wala cha malaria.

Ni cha desktopu.

Nilikuwa Songambele kwa mama, anaumwa mgongo na shamba lilikuwa halijapaliliwa. Steshenari yetu hapa Nyaishozi nikamwachia mume wangu, Jovin. Leo nimewasha kompyuta, ile picha ya ua niliyoiweka haionekani hata petali moja. Mafaili yamepandiana. Barua za kuomba kazi, picha za pasipoti za watu nisiowajua, kadi za mchango wa harusi, mtihani wa darasa la nne, nyimbo za kwaya. Katikati yake MAREHEMU, MAREHEMU 2, MAREHEMU MPYA, MAREHEMU MPYA KABISA. Kwenye kibodi nimechomoa bawa la senene, wale panzi wa kukaanga. Mtu mzima na akili zake anatafuna senene juu ya historia za wafu, halafu anapangusa vidole kwenye kipanya.

Nilipoolewa nilijua ni mchafu wa vyombo. Sikujua uchafu unaweza kuingia mpaka ndani ya mashine.

Huku kwetu marehemu hazikwi bila historia yake kusomwa. Ndugu wanakuja mbio, jeneza liko nyumbani, mchungaji anaangalia saa. Basi Jovin anafungua marehemu aliyetangulia, anafuta jina, anaweka jina jipya, anabadilisha kijiji na watoto, anahifadhi. Wa kwanza anapotea, wa pili anakaa juu yake. Nimemwambia mpaka nimechoka: kila mtu na folda yake, jina na kijiji. Hucheka. "Si wameshazikwa?"

Saa nne akaingia Adelina. Nikamwamkia shikamoo, kanipita kwa umri. Baba yake alizikwa Jumamosi nikiwa bado Songambele. Ndoa ilimshinda zamani, akarudi nyumbani, na kaka zake hawajawahi kumficha kwamba wanamwona mgeni. Lakini leo uso ulikuwa umefunguka. Alitaka nakala za historia ya baba yake apeleke kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu pale kaburini, mpwa wake aliyeichukua kwetu mbiombio alisoma mbele ya watu wote kwamba marehemu amempa binti yake mkubwa kibanja cha chini, shamba la migomba na mibuni, na ameagiza asibughudhiwe na mtu. Anasema watu waliguna. Kaka zake walitazama viatu vyao.

Nikafungua faili. Nikaisoma ile sentensi, kisha nikairudia.

Niliichapa mwenyewe, mwezi uliopita. Ni ya mzee mmoja wa Kituntu, mkulima, mzima wa afya, aliyekuja kuandikisha historia yake mapema kwa kuwa hawaamini wanawe. Alisema atarudi kuongeza mambo, nikaiacha kwenye desktopu niione kwa urahisi. Jovin akaifungua, akabadilisha mwanzo na mwisho. Katikati akapaacha.

Nikamfuata nyuma ya duka, alikuwa anafunga vitabu kwa stepla. Nikamuuliza kwa nini hakupafuta. Akasema, "Huyu naye si alikuwa na binti? Niliona inamfaa."

Inamfaa. Kama koti la mtumba.

Niandike ukweli hapa, maana kwingine sitausema. Nilirudi kwenye kiti nikiwa nataka kuchapa. Printa ilikuwa inawaka, karatasi zimo, na nilikuwa najua wale kaka zake ni watu wa namna gani. Nani angejua? Ila mpwa wake angeulizwa alikotoa maneno, na mzee wa Kituntu angesikia, na huyu mama angevuliwa nguo mbele ya ukoo mzima. Na uongo ungekuwa umetoka dukani kwangu kwa mara ya pili, safari hii kwa makusudi.

Nikarudisha mlango nusu, nikamwambia Adelina yote.

Hakulia. Alikunja kanga yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilijua, Mama Jesca," akasema. "Baba hakuwahi kuniita binti yangu. Alikuwa ananiita wewe." Akainyoosha kanga. "Lakini tangu Jumamosi nilikuwa namlilia vizuri."

Najichukia kwa kuwa na duka la kuandika maneno ya watu, halafu siku linapohitajika neno sinalo.

Aliposimama akauliza kama yule mzee wa Kituntu bado yuko hai. Nikasema yupo. "Basi mfuate, waitu, nakusihi. Amwandike huyo binti kwa jina, mashahidi wakiwepo. Siyo kwenye karatasi ya kusubiri kaburi." Akatoka na mvua yake, bila nakala hata moja.

Nikarudi kwenye yale mafaili. Jovin akaja, akasimama nyuma yangu, mdomo unanuka karanga, akaniuliza kama itasaidia akiyaweka yote kwenye folda moja aiite MAREHEMU WOTE.

Nimechukizwa naye kiasi kwamba hata kugombana sikuweza.

Nimezima mashine jinsi ilivyo. Nitaipanga, lakini siyo kesho. Kesho duka afungue yeye, na akiandika marehemu aanze na karatasi tupu. Mimi naenda Kituntu. Nina swali moja tu kwa yule mzee, nililopaswa kumuuliza siku ile alipokaa mbele yangu akisema na mimi nachapa.

Binti yako anaitwa nani?