Filamu Niliyoichagua Mimi

Kibondo, Jumamosi, Juni 2013

Laiti ningepeleka filamu ya ngumi. Hii ya baba ambaye akikohoa mlangoni watoto hukimbia, na mwishoni anawaomba radhi, niliona itafaa sherehe ya ofisi, maana familia zilialikwa.

Akina mama walilia. Vijana walipiga miluzi, eti inachosha. Kisha mke wa bosi akapaza sauti: "Baba Neema, si wewe huyo? Hata kikohozi chako!"

Ukumbi mzima ukacheka. Bosi akauliza tu, "Nani kaileta?" Wote wakanitazama.

Na ndiye wa kusaini nithibitishwe kazini.

Tulipokuwa tunatoka mkewe akanishika mkono. "Mwanangu, niazime hiyo CD. Kesho tutaitazama tena nyumbani, naye akiwepo."

Nimempa. Ningefanyaje?