Shangazi Amemjibia Baba kwa Daktari

Shoga, acha tu. Ndiyo kwanza tumetoka kwa daktari na baba na shangazi, uso umenishuka!

Si unaujua ule ugonjwa wake wa kutetemeka, wa mishipa ya fahamu? Daktari kamwinamia, kamuuliza taratibu: "Mzee, moyoni unajisikiaje?"

Shangazi kadakia: "Dada yake mimi, daktari. Yuko vizuri! Analala mchana kutwa, hasumbui mtu."

HASUMBUI MTU. Shoga, baba yangu, fundi cherehani aliyekuwa akigombana mpaka na redio!

Daktari akaeleza kwamba huzuni nzito huandamana na ugonjwa huu, na ina tiba. Shangazi kacheka. "Ukoo wetu hauna huzuni. Utazame huo mkono, siku hizi umetulia!"

Ndipo baba, kwa ile sauti yake iliyofifia, akasema: "Umetulia kwa sababu hauna cha kushika. Cherehani yangu mmeigeuza meza ya televisheni."

Halafu machozi yakaanza kumtiririka.

Unajua shangazi alisema nini? Shoga, unajua alisema nini?

"Na macho nayo, daktari. Mwandikie na dawa ya matone."