Posa ya Haji na Mpira wa Ndani

Edmonton, London
Jumapili, mchana

Kwako dada yangu Raya,

Assalamu alaykum. Shikamoo dada. Mwili wangu mzima, namshukuru Mola, ila moyo hauko hivyo, na sababu utaikuta humu. Nyinyi je? Kifua cha shemeji kimepoa? Na macho yako, ulikwenda kwa daktari, au bado unasahihisha madaftari ya skuli kwa kuyasogeza puani?

Barua yako ilinifika wiki tatu zilizopita. Haikupotea, mie ndiye niliyeshindwa kuijibu. Kila nikishika kalamu naiweka chini. Umeniambia kwamba Haji, mtoto wa marehemu Bi Mize jirani yetu, ameleta posa kwa mwanao Zuhura, na kwa kuwa mie ndiye mjomba wake na nimeishi na Haji huku, nikwambie ni mtu wa namna gani. Ukaandika, "Sema kweli, Masoud. Usitufiche wala usimwonee." Basi kaa kitako, maana kweli yenyewe si fupi, na nusu yake ni aibu yangu.

Nianze na mema yake, kwa sababu yapo. Nilipoteremka uwanja wa ndege na koti la kuazima, Haji ndiye aliyenipokea. Alinipa chumba nyumbani kwake Hounslow, akanionyesha msikiti, akanifundisha mabasi. Mwaka wa kwanza nilipougua mapafu alinipikia uji na kuninywesha kwa mkono wake, kijiko kwa kijiko. Kazi pia alinitafutia yeye, kwenye yadi ambayo alikuwa msimamizi. Mie sijayasahau haya, na ndiyo yanayonichoma zaidi. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo nisingekuwa na kidonda.

Yadi ile hukodisha gari-nyumba. Ni gari kubwa mfano wa lori dogo, ndani mna kitanda, jiko, choo na meza ya kulia. Wazungu waliostaafu huzikodi wakazunguka nchi nzima, wanapika na kulala humo humo. Mwenye yadi ni Bwana Nurdin, Muhindi mzaliwa wa Kampala, ambaye Kiswahili chake hukitoa siku akifurahi sana au akikasirika sana. Kazi yangu ilikuwa kuzitayarisha gari kabla hazijatoka: kuziosha, kujaza maji, kutazama gesi, na kupima upepo wa mipira ya magurudumu.

Hiyo mipira ndiyo habari yenyewe. Nyuma, gari zile zina mipira minne, miwili kila upande, imebanana bega kwa bega. Wa nje unauona. Wa ndani huuoni vizuri mpaka upige magoti uchungulie, na pale pa kutilia upepo pamejificha huko nyuma, hupafikii ila kwa kupenyeza geji, kipimo cha upepo, yenye shingo ndefu katika tundu la ringi ya chuma ya gurudumu la nje. Ubaya wake ni huu: wa ndani ukiisha upepo, gari hailali upande. Inasimama sawasawa kama haina neno, kwa sababu wa nje unabeba mzigo wa wote wawili. Unabeba, unabeba, unapata moto, mwisho unapasuka, na hupasuka gari ikiwa kwenye mwendo.

Haji mwenyewe ndiye aliyenifundisha. Siku ya kwanza alinipigisha magoti juu ya saruji, asubuhi na baridi yake, kwa sababu mpira hupimwa kabla haujatembea ukapata joto. "Wa nje usiuamini," akaniambia. "Na usitie saini mpaka geji ikupe habari ya wa ndani." Nikamshika maneno. Miaka minne sikuruka hata mpira mmoja. Wenzangu walinicheka kwa magoti ya suruali yangu yalivyochakaa.

Jumamosi moja ya Agosti tulikuwa na gari tano za kutoka kabla ya adhuhuri. Geji ya shingo ndefu ilikuwa imevunjika tangu Alhamisi, na Haji alikuwa hajaagiza nyingine. Geji fupi haifiki. Nikachukua nyundo ya mpira nikawa nagonga, maana mpira uliojaa huirudisha nyundo mkononi, na ulioisha huimeza. Gari nne zilinirudishia vizuri. Ya tano, upande wa kushoto, mpira wa ndani uliimeza nyundo kama mto wa sufi.

Nikamwita Haji.

"Huu umeisha," nikamwambia. "Tufungue wa nje tuutazame."

"Kufungua na kurudisha ni saa nzima. Wenyewe wako ofisini na mizigo yao, wanasubiri."

"Wasubiri."

Akainama kidogo akaitazama gari. "Imelala upande? Haikulala. Na nyundo si geji, Masoud. Uhakika huna."

"Si wewe uliyenifundisha kwamba hailali?"

"Mie nakufundisha na leo pia. Tia saini. Wakirudi tutautazama."

Akanipa ile karatasi ya ukaguzi. Dada, hakunishika mkono. Hakunitisha. Nilikuwa na mdomo, na Bwana Nurdin alikuwa hatua ishirini kutoka pale. Nikatia saini.

Waliokuja kuichukua gari walikuwa mtu na mkewe, wazee wa miaka sabini na kitu. Bibi jina lake Margaret, alikuwa mwalimu kama wewe. Aliniuliza jina langu, akalitamka vibaya, akaniomba nilirudie, akalitamka tena mpaka likakaa. Kisha akaniuliza, "Kila kitu kiko sawa, Masoud?"

Nikamwambia, "Kila kitu kiko sawa, mama." Nikamfungulia mlango na kumshika mkono apande.

Hawakufika mbali. Kwenye barabara kuu ya kwenda magharibi mpira wa nje wa kushoto ulipasuka. Vipande vyake viliichapa sakafu kwa chini mpaka vikaitoboa, na gari ikayumba ikabamiza chuma cha ukingo wa barabara. Bwana alitoka na michubuko. Bibi alikuwa amekaa nyuma, kwenye ile meza, juu ya mipira hiyo hiyo. Mguu wake wa kushoto ulipondeka. Madaktari waliuhangaikia wiki nzima, kisha wakaukata chini ya goti.

Jumatatu Bwana Nurdin alituita, mie na Haji. Karatasi ilikuwa juu ya meza.

"Sahihi ya nani hii?" akauliza kwa Kiswahili.

"Yangu," nikasema. "Lakini nilimwambia Haji kwamba wa ndani umeisha."

Bwana Nurdin akamgeukia Haji. Na mie nikamgeukia. Wallahi nilidhani atasema, "Tulikosea." Hilo tu lingenitosha, hata kama tungefukuzwa sote wawili siku hiyo hiyo.

"Mimi sikuambiwa kitu," Haji akasema. Alisema taratibu, bila kutetemeka, kwa sauti ile ile anayosomea Qurani. "Ningeambiwa, gari isingetoka."

Nilifukuzwa pale pale. Haji alinifuata mpaka langoni.

"Elewa," akaniambia. "Nikiondoka mie hapa, nani atamtafutia mwenzake kazi? Wewe libebe hili. Nitakutafutia pengine."

"Na yule bibi?"

"Yule ana bima."

Neno hilo, dada, nimelala nalo na kuamka nalo tangu Agosti. Wiki mbili baadaye aliniambia anakihitaji chumba changu, anataka kukipaka rangi. Sikumuuliza cha nini. Nilikwambia nimehamia Edmonton kwa sababu ya kazi mpya, nikakuficha. Kazi ninayo, ni ya kubeba maboksi kwenye ghala, lakini niliipata baada ya kutolewa, na nimeitafuta mwenyewe. Nilipoisoma barua yako ndipo nilipojua chumba kinapakwa rangi kwa ajili ya nani.

Mwezi wa Septemba nilikwenda hospitali. Usidhani nilikwenda kwa ushujaa, nilizunguka lile jengo mara tatu kabla sijaingia. Bibi Margaret alinikumbuka. Akaniita kwa jina langu, sawasawa kabisa kama nilivyomfundisha. Mumewe alikuwa kando yake. Nikawaambia yote: geji iliyovunjika, nyundo, Haji, karatasi.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Nilipokuuliza kama kila kitu kiko sawa, ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa nikijua."

"Basi toka," akasema.

Hakupandisha sauti. Nilitoka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, nimeyaghibu kwa moyo kwenye basi, yakabaki kinywani. Mumewe ndiye aliyenifuata kwenye ukumbi akaniomba niyaandike yale niliyoyasema, ampelekee mkaguzi wa serikali aliyekuwa akiichunguza ajali. Nikaandika kurasa mbili na kutia sahihi. Mkaguzi akamwita Haji, Haji akakana. Neno langu na neno lake, na kwenye karatasi sahihi ni moja, yangu. Mambo yakaishia hapo. Yeye bado ni msimamizi.

Na watu wetu? Haji aliwahi kuwafikia kabla yangu. Aliwaambia kwamba mie nilifanya uzembe, na kwamba nimemwandikia mashitaka mtu aliyenilea nilipoumwa. Msikitini wananiitikia salamu kwa sababu ni wajibu. Mwezi uliopita palikuwa na maulidi kwa mmoja wetu huko Walthamstow. Nilikaa kwenye ncha ya mkeka. Sinia la pilau lilipokuja, wale waliokuwa karibu yangu wakasogea kwenye sinia jingine, mmoja mmoja, bila kunitazama. Nilikula matonge mawili ili isionekane nimeona, nikaondoka.

Sasa sikiliza kilichonishikisha kalamu. Juzi Ijumaa baada ya sala Haji alikuja hapa kwangu. Tangu nitoke kwake hakuwahi kuuvuka mlango wangu. Alileta tende, akakaa kitandani maana kiti sina, akaniuliza hali.

"Nasikia Bi Raya amekuandikia," akasema.

"Ameniandikia."

"Masoud, yaliyopita yamepita. Kwa Zuhura nia yangu ni safi, Mungu shahidi. Wewe ndiye mjomba, wanangoja neno lako. Andika mistari miwili tu, kwamba unanijua na mie ni mtu mwema."

"Unataka niwaandikie kwamba nakujua?"

"Ndiyo."

"Nitawaandikia."

Akanikumbatia. Machozi yalimtoka, na nadhani yalikuwa ya kweli, kwa sababu Haji si mtu wa kuigiza. Anachokisema hukiamini wakati anapokisema, hata kule ofisini. Alitoka amefurahi, akanipungia mkono kutoka kituo cha basi. Sikumrudisha kumwambia nitaandika nini. Na hilo nalo liandike upande wangu.

Basi swali lako nakujibu. Haji si mlevi. Anasali, hatamlaza Zuhura na njaa, hatampiga, na akiumwa atampikia uji. Ukiuliza kwa jirani zake watakwambia hivyo na watakuwa wamesema kweli. Lakini siku itakapobidi mmoja kati ya mke na mume abebe kosa la Haji, atabeba Zuhura, na Haji atamtazama akibeba, kwa upole.

Wala usinipime mie kwa wema wa barua hii. Wa kusema uongo mbele ya Bwana Nurdin ni Haji, lakini aliyemshika mkono yule bibi na kumpandisha garini ni mie. Mguu haukukatwa kwa sababu Haji alisema uongo Jumatatu. Ulikatwa kwa sababu mie nilinyamaza Jumamosi.

Ninaloomba ni moja. Msikae nyinyi wakubwa mkamkubalia au mkamkatalia kwa niaba ya mtoto. Mpe Zuhura barua hii aisome mwenyewe, asisomewe, na usimrukishe ukurasa wowote. Akishasoma akasema anamtaka Haji, mwozesheni, na mie sitasema tena. Ila asiingie kwenye kile chumba bila kujua ni nani aliyetolewa.

Nisalimie shemeji, mwambie baridi ya huku imeanza na shali aliyonipa ndiyo ninayojifunika. Nisalimie mama mdogo Bi Salma, na mwalimu wangu wa chuo cha Qurani Maalim Khamis, aniombee dua, lakini usimweleze kwa nini. Wapwa zangu wadogo wote uwabusu.

Zuhura sikumwandikia salamu. Zake ni barua yote.

Ni mie ndugu yako, niliyejua nikasema kila kitu kiko sawa,

Masoud