Felix ni wa Kike

Jumatatu, 2 Juni
Nimefua tena nepi zilizokwisha kufuliwa. Siwezi kutulia. Mama mkwe amekuja kwetu Gongoni na kuku na karanga. Kila asubuhi anasalimia tumbo langu: "Shikamoo, baba." Hana shaka ni dume. Atarithi jina la marehemu baba mkwe, Felix. Mume wangu Patrisi ndiye mtoto wake pekee.

Alhamisi, 5 Juni
Msichana! Kwa upasuaji. Mzima, mnene, sauti imejaa wodi. Nacheka, nalia, mshono unauma. Daktari amesema nisibebe mimba nyingine. Patrisi yuko njiani, treni imeshapita kituo cha Tura. Mama mkwe alimpakata mtoto kidogo, akamrudisha, akatoka bila neno. Hilo limeniuma kuliko mshono.

Jumapili, 8 Juni
Nyumbani. Mama mkwe kasema tutafute jina la kike. Patrisi akataja Felista. Mama mkwe akatikisa kichwa. Hilo ni jina jingine, akasema, si la mzee. Basi, jina la mzee limezikwa naye. Nina hasira.

Jumatano, 11 Juni
Mdogo wangu Deo, frateri kule seminari ya Kipalapala, kaja kumwona mpwa wake. Nikamuuliza: Felix ni neno gani hasa? Kivumishi cha Kilatini, akasema. Vivumishi vingi vya Kilatini hubadilika: mwanamume mwema ni bonus, mwanamke mwema ni bona. Felix haigeuki. Mwanamume felix, mwanamke felix.

Moyo ukaruka. Nikamwita mama mkwe aje asikie mwenyewe. Akauliza maana yake. Mwenye heri, Deo akamjibu. Na hapo kale, mti unaozaa.

Mama mkwe akamtazama mtoto, muda mrefu.

"Kumbe jina halichagui."

"Halichagui, mama," akasema Deo. "Kama sisi tunavyosema mwenye heri. Awe mume, awe mke."

Akainuka, akaenda jikoni. Kakubali? Sijui! Natamani kumfuata.

Alhamisi, 12 Juni
Kakubali! Kamwambia Patrisi, si mimi. Nimecheza peke yangu chumbani, licha ya mshono.

Jumapili, 29 Juni
Amebatizwa. Wageni wameondoka. Mama mkwe yuko barazani na mtoto mapajani, anamfukuzia nzi. Miaka yote ya ndoa alimwita mumewe Baba Patrisi. Jina lake hakulitamka, hata msibani. Sasa namsikia kupitia dirisha, polepole.

"Felix."

Kisha tena.