Aliyehama ni Mto

Jumapili, 20 Oktoba

Uandikishaji wa wapiga kura umefungwa leo jioni. Siku kumi kwenye kiti cha plastiki, naandika wakazi wa kitongoji chetu cha Mkwajuni. Walinichagua kwa ajili ya mwandiko. Cherehani imekaa siku zote hizo, wateja wamenuna. Nilipewa kalamu tatu, imebaki moja.

Wa mwisho alikuwa Limi, mke wa Nyanda, wale wafugaji wa kule mtoni. Mkazi tangu lini? Miaka ishirini na miwili. Nikaandika. Miguu yake ilikuwa imelowa. Zamani mto ulipita nyuma ya nyumba yake. Mafuriko ya masika yakaukatia njia mpya mbele ya mlango wake, kwa hiyo siku hizi akija kwetu lazima avuke.

Jumanne, 29 Oktoba

Kumbe Limi kachukua fomu. Uenyekiti wa kitongoji! Kiti cha mjomba wangu Gabrieli, miaka kumi na tano sasa.

Wateja wamelijadili hapa asubuhi nzima. Mmoja anasema mwanamke, tena wa kuja. Mwingine anasema angalau huyu ana la kusema: anataka njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji itengwe na iwekewe alama, mahindi yetu yasiliwe na vijana wao wasipigwe. Mwaka jana mtu alivunjwa mkono kwa jambo hilo hilo. Mimi nilikuwa na pini mdomoni.

Ijumaa, 8 Novemba

Majina ya wagombea yamebandikwa. Wawili tu, Mjomba na Limi. Kufika saa nane, pingamizi. Mjomba anasema mpaka wa Mkwajuni na kitongoji jirani cha Magengeni tangu enzi za babu ni mto. Limi yuko ng'ambo ya mto. Basi ni mkazi wa Magengeni, akagombee huko. Na huko fomu zimeshafungwa.

Msimamizi wa kata atasikiliza Jumatatu. Shahidi ni mimi niliyemwandika. Sijafurahi.

Jumamosi, 9 Novemba

Limi kapita kuulizia gauni la binti yake. Tumesalimiana, kakaa. Hakulalamika. Kasema tu, "Mama Debora, mimi sikuhama. Aliyehama ni mto." Miaka yote wanaambiwa wao ni watu wa kuhamahama, hawana kwao. Safari hii wametulia, na bado wameambiwa wako kwingine.

Nikamwambia gauni litakuwa tayari Alhamisi. Ndilo nililoweza kumwahidi.

Jumapili, 10 Novemba

Mjomba kaja baada ya ibada. Shikamoo, marahaba. Nikamwekea chai na mihogo. Baba alipofariki ni huyu aliyenichukua, akanilea na wanawe, sikuwahi kuona tofauti kwenye sahani.

Hakuniomba niseme uongo, hilo nimwandikie haki yake. Anataka niseme sijui mpaka uko wapi. Kwani mimi ni mpima ardhi? Akamaliza chai, akasema, "Mcheza kwao hutuzwa, Magda." Akachukua kofia yake akaondoka.

Nimefungua sanduku. Kaunta buku la msaada wa mafuriko bado ninalo, na kopi zake za kaboni. Mwezi wa tano, mto ulikuwa umeshahama. "Kaya za Mkwajuni zilizoathirika." Namba moja, Nyanda na Limi, watu tisa. Mwandiko wangu. Chini sahihi ya Mjomba, ile yenye mkia mrefu. Wakati ule kila kaya ilikuwa na mfuko wake wa unga, na kitongoji chenye kaya nyingi kilipata mifuko mingi. Hakuna aliyeuliza mto uko wapi.

Simwogopi. Namwonea huruma, na ndiyo inayoniumiza zaidi. Kopi nimeitia kwenye mkoba. Kuitia kwenye mkoba si kuitoa.

Jumatatu, 11 Novemba

Saa sita. Benchi nje ya ofisi ya kata.

Nilikusudia kusema sijui. Kweli nilikusudia, hata maneno nilishayapanga. Msimamizi akaanza na Limi: unaishi wapi? Akajibu, Mkwajuni. Watu wa nyuma wakacheka. Walikuwa watu wetu, wengine nawashonea sare za kwaya. Limi hakugeuka.

Nikafungua mkoba.

Msimamizi akaisoma ile karatasi, akairudia, akamsogezea Mjomba. Sahihi hii ni yako, mzee? Mjomba akasema ni yake. Sauti ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia kwake.

Akapewa fomu mbili. Moja ya kuondoa pingamizi, moja ya kulipeleka wilayani. Achague, ajaze, arudishe kabla ya saa saba. Sisi wengine tukaambiwa tusubiri nje. Limi kakaa mwisho wa benchi, viatu mkononi. Hajanishukuru, na nashukuru hajafanya hivyo.

Shangazi zangu wa kwaya wamesimama kule kwenye kivuli cha tangi. Mmoja kasema kwa sauti, ili nisikie, kikulacho ki nguoni mwako.

Mjomba katoka. Nimesimama, nimesema shikamoo, ingawa asubuhi tulishasalimiana. Hajaitikia. Katika maisha yangu yote hajawahi kuninyima marahaba.

Kaenda hadi getini. Anajipapasa mifukoni. Sasa anarudi. Ana fomu moja tu, kaikunja, siioni ni ipi. Kasimama mbele yangu, haniangalii, kanyoosha mkono.

Anataka kalamu. Ninayo hii moja