Uwele wa Salamatou

Darey Koira, 2 Juni 2012

Mdogo wangu Balkissa,

Umeamkaje, na kazi za mji zinakuachia nafasi ya kupumzika? Huku sisi wazima, mbuzi wazima. Nyumba bado ni kubwa kuliko nilivyoizoea.

Mvua ya kwanza ilinyesha juzi, mvua nzuri, jembe linazama lenyewe. Tondigamé kwa wakwe zangu halikudondoka tone. Hapa kila mtu yuko shambani isipokuwa mimi. Mbegu za uwele nilizonazo zinatoka kwenye masuke aliyoyachagua wifi yako marehemu Salamatou mavuno yaliyopita, akayaning'iniza juu ya moshi wa jiko lake. Alikuwa akilishika suke, analigeuza, anasema, "Hili lina sura ya mvivu," analitupia kuku. Hizi zikiharibika nitanunua nyingine sokoni kama watu wote, lakini uwele wake utakuwa umekwisha duniani.

Wewe kazi yako ni mvua. Niambie nipande au ningoje.

Kaka yako,
Mounkaila

Niamey, 5 Juni

Kaka Mounkaila,

Barua yako nimeisoma nimesimama palepale kituoni, mpaka dereva aliyeileta akaniuliza kama kuna msiba mwingine. Mimi mzima. Wewe unakula? Usinijibu "nakula". Niambie unakula nini.

Ofisini tuna modeli ya tabianchi, yaani hesabu za kompyuta zinazoigiza anga na ardhi pamoja. Ndani yake udongo uliolowa unarudisha maji hewani kama nguo iliyoanikwa, na hewa hiyo yenye unyevu inazaa mvua nyingine mahali palepale. Nimeitazama asubuhi hii. Mvua inayofuata imewawekea ninyi, Tondigamé imeiacha kavu. Panda, kaka.

Ila usipande zote. Bakiza nusu, kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Balkissa

Darey Koira, 23 Juni

Balkissa,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Ninakula uji asubuhi, na jioni uji uleule mzito zaidi, tunauita chakula cha jioni.

Nilipanda nusu. Unajua kwetu mume anatangulia kuchimba mashimo, mke anafuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Nilichimba mstari, nikarudi mwanzo kuufuata mwenyewe. Mara mbili niligeuka nyuma nikitaka kusema neno.

Iliota vizuri. Halafu likaja jua. Mawingu yalikuwa yakijikusanya kila alasiri upande wa pili, na mvua ikanyesha Tondigamé, kwenye ule ukavu. Miche yangu imelala chini na haiinuki tena. Sikulaumu, mdogo wangu. Nakueleza tu ilivyo.

Mama mkwe amenitumia salamu kuwa kule ardhi imelowa, atanikatia kipande. Majirani wengine wameshaanza kwenda kuomba mashamba. Nami nipeleke hizi zilizobaki? Hakuna nyingine.

Kaka yako,
Mounkaila

Niamey, 28 Juni

Kaka,

Nakusalimu kwa heshima, na nisamehe. Nilikukosesha nusu ya mbegu za wifi yangu.

Baada ya barua yako nilitoa picha za setilaiti za misimu yote tuliyonayo, nikatafuta mawingu ya alasiri yanaanzia wapi. Yanaanzia zaidi juu ya udongo mkavu, karibu na palipolowa. Ardhi kavu inapata joto kali mchana, hewa yake inapanda kwa nguvu, inavuta ile yenye unyevu kutoka kwa jirani, na wingu linapasuka juu ya pakavu. Modeli yetu imegawa nchi katika vipande vipana mno, kaupepo hako haikaoni. Inauliza tu kama chini kuna maji. Kwa hiyo inaweka mvua palipokwisha kunyesha.

Niliyasema haya mbele ya ofisi nzima. Mwenzangu Karimou akasema, "Kwa hiyo Balkissa, sasa tuwaambie wakulima waombe ukavu?" Wakacheka. Nikawaonyesha picha, wakaacha kucheka.

Sasa ninyi ndio wakavu, na Tondigamé imelowa. Usihamishe mbegu. Zipande nyumbani, kwenye vumbi. Mbegu kavu inaweza kungoja ardhini, mche hauwezi. Lakini safari hii sikuahidi kitu. Mzani umeinama kidogo upande wenu, basi. Ukiamua kuzipeleka kwa mama mkwe nitaelewa.

Mdogo wako,
Balkissa

Darey Koira, 9 Agosti

Balkissa wa mama yetu,

Amani ikukute ulipo. Shemeji yangu Biba, mdogo wake Salamatou, alikuja kunichukua niende kwao. Nikamsomea barua yako.

"Kwa hiyo mvua inawapenda wenye kiu," akasema.

"Ndivyo anavyosema."

"Na huyu ndiye yuleyule aliyekosea mwanzo?"

"Ndiye."

"Na anakiri mwenyewe, kwa mkono wake?"

Nikamwonyesha mahali ulipoandika. Akaitazama, ingawa hasomi, akavua viatu. "Chimba basi, mzee wa vumbi. Na unyooshe mstari. Dada alikuwa akikulalamikia."

Tukapanda zote, majirani wakipita na punda kuelekea Tondigamé na kutupigia makofi ya kejeli. Ndege walikula kiasi. Wiki iliyofuata, alasiri, wingu likasimama juu yetu na kumwaga. Limerudi tena tangu hapo. Uwele unanifika magotini.

Najua ingeweza kuwa vingine, wewe mwenyewe ulisema. Ila watu wengi wenye mashine ningewauliza kwa nini shamba langu limekauka, wangelaumu shamba. Wewe ulikwenda kuikagua mashine. Salamatou angekusifu mbele ya wageni mpaka ukaona haya.

Nilikuwa na wasiwasi mmoja: masuke ya mbegu nitayachaguaje, mimi sijui. Biba akampelekea mama yao neno hilo. Jibu limefika leo. Mama mkwe amesema yeye ndiye aliyemfundisha Salamatou, na mavuno yakifika atakuja akae hapa. Biba alikuwa amemuuliza kama atanichagulia.

"Nimchagulie kwa nini?" amesema. "Nitamfundisha. Mikono anayo."

Kaka yako,
Mounkaila